Waridi chotara la rugosa kwa mbegu hapa Dar: baba atoke kwenye baridi, mama awe wa hapa hapa

Wadau wa maua habari zenu. Hili swali naulizwa sana, hasa na watu waliowahi kwenda Ulaya wakayaona yale mawaridi yanaota mchangani kabisa pembeni ya bahari, majani yamekunjamana, matunda mekundu manene kama nyanya ndogo, afu wakirudi wanasema mbona na sisi Kigamboni mchanga tunao, bahari tunayo, chumvi ndo usiseme, kwa nini tusipande? Mi nilijiuliza hivo hivo. Nakaa Kibada, udongo wangu ni mchanga mtupu, maji ya kisima ukipikia chai unaionja chumvi, kwa hiyo niliposoma kuna waridi linalopenda mchanga na kuvumilia chumvi nikasema basi hili langu. Nilikosea, ila sikukosea lote, na leo nawaelezea pale ambapo sikukosea.

Waridi hilo linaitwa rugosa, kwao ni pwani za mashariki ya Asia, yani Japani, Korea, kaskazini mashariki ya China mpaka kule Sakhalin na Kamchatka, Urusi. Jina ni la Kilatini, maana yake yenye makunyanzi, na ukiliona jani lake utakubali, limejikunja kama kanga iliyofuliwa ikakamuliwa ikasahaulika kwenye beseni. Ni waridi gumu, linavumilia upepo wa bahari na mchanga usio na rutuba, na ule ugonjwa wa madoa meusi unaopukutisha mawaridi yetu kila masika kwake hauna nguvu. Shida yake ni moja tu, limezoea kulala. Huko kwao miezi ya theluji linapukutisha majani yote linalala, likiamka linachanua. Dar utalilaza wapi? Julai yetu alfajiri ikifika nyuzi 19 watu tunatoa masweta, kwake hiyo ni joto. Nilipanda miche mitatu kwenye ndoo, nikaikalia miaka miwili, ikatoa majani ikadumaa, ua halikutoka hata moja, na kaskazi ya mwaka wa pili ikakauka yote nikabaki na ndoo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa, usihangaike kumleta mwenyewe akae Dar. Chukua damu yake. Yani chukua chavua ya rugosa umpake mama ambaye tayari maisha ya Dar ameyazoea, kisha uoteshe mbegu zitakazotoka. Watoto ndo utawachagua, atakayebeba ugumu wa baba na uvumilivu wa joto wa mama ndo wako.

MAMA NI NANI

Hapa watu wengi wanaharibu. Wanaenda kwa wauza miche wa barabara ya Bagamoyo wanachukua lile waridi kubwa jekundu la kwenye shada, ua kama ngumi, wanasema hili ndo zuri. Zuri kweli, lakini kwa kazi hii halifai, ngoja niwape sababu.

Rugosa ina kromosomu 14, yani zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba tabia za kurithi. Mawaridi mengi ya kisasa ya maua makubwa, yale ya aina ya mashada yanayolimwa Arusha na Naivasha, yana 28. Ukiyachanganya mtoto anachukua nusu ya kila mzazi, 7 na 14, anabaki na 21, namba isiyogawanyika vizuri. Anakuwa kama baghala, yule mtoto wa punda na farasi, ana nguvu, ana afya, ila kuzaa ni shida. Na wewe unataka azae, maana huko mbele nitawaambia raha yenyewe iko kwa wajukuu.

Kwa hiyo tafuta mama mwenye 14. Anapatikana na yuko karibu kuliko unavyodhani. Ni yale mawaridi ya kizamani ya asili ya China, ya pinki, ua la wastani, matawi membamba, miiba michache, yanachanua mwaka mzima bila kuomba ruhusa. Mengi ya ukoo huo yana 14. Bibi zetu wa pwani walikuwa nayo uani, ndo hayo wanachuma wanachanganya na asumini na mrehani kwenye kikuba. Ukipita mitaa ya zamani, Temeke, Ilala, Magomeni, angalia nyua zenye wazee, utaliona limeegemea ukuta hakuna anayelijali. Bisha hodi, shikamoo bibi, omba tawi. Mi langu nilipewa na bibi mmoja Temeke, akanikatia vijiti vitano vya unene wa penseli, akaniambia yeye alipewa na wifi yake wakati anaolewa, na hajawahi kulipiga dawa hata siku moja. Hiyo ndo sifa ya mama unayemtaka.

Kitu kingine cha kukagua, mama awe anashika matunda. Acha maua matano bila kuyakata yakinyauka, usubiri mwezi. Pale kwenye kikonyo pakivimba kidonge cha kijani, huyo anazaa. Pakikauka pote, mwache apambe tu.

Sio kwamba mtoto asiyezaa vizuri hana faida kabisa, ngoja nitoke nje ya mada kidogo. Kulikuwa na chotara mmoja wa rugosa na waridi la kutambaa anaitwa 'Max Graf', alitoka Marekani mwaka 1919, huyo alikuwa na 14 ila alikuwa karibu tasa. Mjerumani mmoja mzalishaji, Wilhelm Kordes, akakomaa nalo mpaka akapata mbegu, na katika miche yake mmoja kromosomu zake zilikuwa zimejirudia zenyewe zikawa 28, akawa anazaa vizuri kabisa. Kutokana na mche huo mmoja ukatoka ukoo mzima wa mawaridi magumu ya kupanda ukutani, lile jekundu la 'Dortmund' la mwaka 1955 ni wa humo. Kwa hiyo bahati ipo. Ila mi na wewe wenye ndoo sita uani tusipangie maisha kwenye bahati.

BABA UNAMPATA WAPI

Baba lazima akae kwenye baridi. Tanzania hii baridi ipo jamani, sio lazima Ulaya. Njombe, Makete, kule Juni na Julai kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Mimi nina shangazi Njombe, nikamwomba kona ya shamba nyuma ya jiko, tukapanda mbegu za rugosa huko. Mbegu toka nje ziagize kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ndo wenye kazi hiyo, usifiche kwenye begi la nguo, wadudu na magonjwa ya mimea huwa yanaingia hivo hivo. Mwaka wa tatu zikachanua. Shangazi aliponipigia nikamwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, kamwene, afu moja kwa moja, "hili dude lako lina miiba kama nungunungu, ng'ombe mwenyewe kalikimbia." Kweli, miiba ya rugosa sio ya kuhesabu, tawi zima limevaa sindano, mvae glavu.

Kama unaweza kuchagua aina, 'Hansa' ni ya Uholanzi, mwaka 1905, zambarau iliyoingia wekundu, ina harufu kali yenye karafuu ndani yake, mtu wa pwani utaipenda. 'Blanc Double de Coubert' ni nyeupe, Ufaransa, 1892. Ile rugosa ya kawaida ya petali tano nayo haina ubaya, tena ndo inatoa chavua nyingi, haya ya petali nyingi nyingi mara nyingine chavua inakuwa kiduchu. Mi nilitumia ya kawaida.

Chavua inakusanywa hivi. Asubuhi ua linapotaka kufunguka, kabla nyuki hajafika, unang'oa petali, katikati utaona zile nyuzi zenye vichwa vya njano. Unavikata vichwa kwa mkasi mdogo wa kucha viangukie kwenye karatasi nyeupe. Unaacha ndani pasipo na upepo, siku moja mpaka mbili, vitapasuka na kumwaga unga wa njano kama manjano ya pilau. Huo ndo mali. Unatia kwenye kichupa kikavu cha dawa, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja kwenye boksi la viatu vipya, mnachotupaga, msitupe tena. Shangazi anafunga anaweka kwenye bahasha, anampa mtu wa basi, kesho yake naenda stendi ya Magufuli pale Mbezi nachukua.

Sasa Njombe yangu inachanua mwishoni mwa mwaka, na Dar wakati huo joto linapanda, mama akipakwa chavua anaangusha. Kwa hiyo chavua ikifika naipeleka friza mpaka Juni. Ikiwa kavu kweli kweli inakaa miezi bila shida. Ikiwa na unyevu inaoza, hamna katikati. Kichupa nakizungushia chupa za maji yaliyoganda ili umeme ukikatika masaa matatu manne kisiyeyuke, maana kuganda na kuyeyuka kila siku ndo kunaiua.

KUCHAVUSHA

Msimu ni Juni mpaka Agosti, kipupwe, mvua zimeisha, hewa imepoa. Nje ya hapo unajichosha.

Jioni, kama saa kumi na moja, kagua mama. Unatafuta chipukizi la ua lililoanza kulegea, rangi imeonekana, petali za nje zimeanza kuachia ila katikati bado pamefungwa. Likishafunguka umechelewa, limeshajichavusha lenyewe au nyuki kapita. Hapa Dar ua linafunguka haraka sana, chipukizi ulilosema nitalifanya kesho, kesho saa mbili unakuta limekaa wazi linakuchekea.

Shika kikonyo kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, kwa kulia shika petali zote kama unavyoshika ncha ya kitunguu, zungusha taratibu huku unavuta, zitatoka. Ndani utaona duara la vile vichwa vya njano, vikiwa bado vimefunga, havijamwaga unga. Ving'oe vyote kwa kibanio cha nyusi, zunguka duara lote, tumia miwani kama unavyo, kimoja tu ukikiacha kikapasuka usiku asubuhi hujui mtoto ni wa nani. Katikati kitabaki kifungu cha vijiti vyenye vichwa vidogo, hicho ndo sehemu ya kike, usikiguse kwa chuma. Kifunike na kifuko, mi nashona vifuko vya chandarua kilichochakaa, kinapitisha hewa na nyuki hapiti.

Kesho yake kati ya saa tatu na saa tano asubuhi toa kifuko uangalie zile ncha. Zikiwa na ulaini wa kung'aa, kama zimepakwa mate, ziko tayari. Toa chavua friza, iache ipate joto la chumbani kichupa kikiwa kimefungwa, ukifungua cha baridi kinavuta unyevu wa Dar wote. Chovya kidole kikavu, paka. Kidole kinafanya vizuri kuliko brashi, brashi inakula chavua nusu. Rudia kesho yake tena. Funika, siku nne tano toa kifuko.

Halafu lebo. Nisikilizeni kwenye lebo. Msiandike kwa bolpeni wala maka peni, jua la hapa na mvua mwezi mmoja maandishi hakuna. Kata kopo la soda vipande vyembamba, andika juu yake kwa ncha ya msumari, jina la mama kwanza, alama ya kuzidisha, jina la baba, tarehe. Kinabaki miaka. Mwaka wangu wa kwanza nina mche mmoja mzuri sana sijui baba yake, na nitakufa sijui.

Ndani ya wiki mbili tatu utajua. Likishika, shingo ya ua inabaki kijani na inanenepa. Likikataa inakuwa njano inaanguka ukiigusa. Mwaka ule nilichavusha maua 14, yakashika 5, nikafurahi kama nimeshinda bahati nasibu. Usitie mbolea nyingi kipindi hiki na usimwache mama akauke, akipata kiu anaangusha mimba.

MBEGU, NA HAPA NDO FRIJI INAINGIA

Tunda linachukua miezi mitatu mpaka minne. Likigeuka rangi ya chungwa, kata. Usisubiri likauke likasinyaa, mbegu inazidi kuwa ngumu. Pasua kwa kisu kidogo pembeni pembeni, utakuta mbegu kuanzia tatu nne mpaka ishirini na kitu, zimezungukwa na vinyweleo. Vile vinyweleo vikikugusa shingoni utajuta, ni upupu mdogo, oshea mikono kabla hujajifuta jasho. Nyama ya tunda usitupe, ile ya rugosa hasa ina vitamini C nyingi, watu wa kaskazini wanatengenezea jamu na chai.

Mbegu zisugue kwa maji mpaka nyama yote itoke. Zikiwekwa kwenye glasi ya maji kuna zitakazozama na zitakazoelea, watu wanakwambia zinazoelea tupa, mi situpi, natenga. Nimeshaotesha za kuelea. Kisha ziloweke kwenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, nusu saa hivi, suuza. Inapunguza ukungu.

Sasa mbegu ya waridi haioti ukiipanda tu. Ina usingizi, na kuuondoa huo usingizi lazima idhani imepita majira. Ya rugosa hasa inataka joto lenye unyevu kwanza, kisha baridi yenye unyevu. Wenzetu wa Ulaya hapo wanahangaika na vipasha joto, sisi joto hatulipii. Ratiba yangu imekaa hivi: matunda yanaiva Oktoba, Novemba. Desemba mpaka Februari mbegu ziko ndani ya tishu nene ya jikoni iliyoloweshwa ikakamuliwa, kwenye kopo la aiskrimu lenye mfuniko, juu ya kabati chumbani. Machi mpaka Mei zinaingia friji, nyuzi 4 hivi, huku nje masika inamwaga. Juni zinatoka kupandwa, hali ya hewa imepoa, kwa sababu mbegu ya waridi ikitoka baridini ikakutana na joto la Machi inaweza kurudi kulala tena, na hapo umepoteza mwaka.

Kila wiki mbili fungua kopo, nusa, angalia. Ukungu ukitokea suuza mbegu, badilisha tishu, endelea. Tishu ikikamatwa isitoe tone la maji, inatosha iwe na ubichi tu. Ukiona mzizi mweupe umechungulia kabla ya muda hiyo itoe upande, usisubiri wenzake.

Na kwenye friji kuna sheria moja, chavua juu, mbegu chini. Juu ni friza, chini ni pale pa mboga. Chavua kavu inaipenda friza, mbegu iliyonyonya maji ikiganda inapasuka ndani inakufa. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mbegu 52, nikasafiri siku nne, shemeji kaja na ndoo ya juisi ya ukwaju ya shughuli, hapakuwa na nafasi, akaona kopo la aiskrimu akaliweka mahali ambapo kopo la aiskrimu linakaaga. Huwezi kumlaumu. Nimerudi kopo jiwe. Nilizipanda hivo hivo kwa ubishi, haikuota hata moja. Tangu siku hiyo nimeandika kwenye kopo kwa herufi kubwa SIO CHAKULA, SIO FRIZA.

KUPANDA

Juni. Mchanganyiko wangu ni unga wa makumbi ya nazi sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja, mboji iliyochekechwa sehemu moja. Makumbi yaloweke uyamwage maji mara tatu, huwa yana chumvi. Na hapo usitumie maji ya kisima kama ya kwangu, rugosa mkubwa anavumilia chumvi ila kichanga wa chotara havumilii, kinga maji ya mvua wakati wa masika uweke kwenye dumu. Fukia mbegu sentimeta moja, kwenye viriba au trei, kivuli cha nusu, jua la asubuhi tu.

Zinaota bila mpangilio, moja wiki ya pili, nyingine mwezi wa pili, usimwage udongo haraka. Kwenye mbegu zangu 38 za mwaka wa kwanza zikaota 7. Kwanza vinatoka vijani viwili mviringo laini, visivyofanana na waridi kabisa, dada wa jirani akavidhania mchicha akataka kunisaidia kupalilia. Jani la tatu ndo linakuja na meno pembeni.

Adui wa hapo ni kinyausi. Unalala mche umesimama, unaamka umelala, shingo imekuwa nyembamba kama uzi pale usawa wa udongo. Ukiona hivo huo umekwenda, okoa wenzake. Mwagilia kwa chini, yani weka kiriba kwenye sahani ya maji kinyonye, kisha toa. Acha uso wa udongo ukauke kidogo, pitisha hewa. Wengine wananyunyiza unga wa mdalasini juu, mi nafanya pia, sioni madhara. Katika 7 zangu kinyausi kikachukua 3, konokono akachukua 1, nikabaki na 3.

Zikifika majani matano sita hamishia kwenye kiriba kikubwa, samadi iliyooza vizuri kiganja kimoja, na mchwa uwaangalie. Dawa za kupulizia kaa nazo mbali, majani ya rugosa yanaungua kwa madawa, na watoto wake wengi wamerithi hilo. Utitiri mwekundu ukija wakati wa kiangazi pulizia maji tu chini ya majani asubuhi asubuhi, kwa nguvu, siku tatu mfululizo.

UA LINAKUJA LINI

Sio mwaka wa kwanza, na hapa ndo wengi wanakata tamaa wanang'oa. Mama yako wa Kichina anachanua mwaka mzima, ila hiyo tabia ya kuchanua mfululizo inajificha kwa mtoto wa kwanza, inabidi itoke kwa wazazi wote wawili ndo ionekane. Kwa hiyo mtoto anaweza kukaa miaka miwili, mitatu, bila ua, afu akachanua mara moja kwa mwaka. Ukishampata huyo mtoto mzuri, mchavushe kwa chavua yake mwenyewe au mrudishe kwa mama. Kwa wajukuu ile tabia inafufuka kwa baadhi yao, na hao wanaweza kutoa ua wakiwa na miezi michache tu. Ndo maana nilisema mwanzo mtoto awe anazaa.

Georges Bugnet, Mfaransa aliyehamia Alberta, Kanada mwaka 1905, alikuwa mkulima na mwandishi wa riwaya, hakuwa na maabara, alichanganya rugosa na mawaridi mengine kwa miaka mingi huko porini kwenye baridi mpaka likatoka 'Thérèse Bugnet' mwaka 1950, leo linapandwa nchi nyingi tu. Yeye alikuwa anachagua anayehimili baridi. Sisi tunachagua kinyume, kazi ni ile ile.

Kuchagua kwenyewe mimi naangalia masika kwanza, ua baadaye. Mche ukipita Aprili na Mei bila dawa majani bado yapo, huo unabaki hata kama ua ni la kawaida. Ukibaki vijiti vitupu, nang'oa, hata kama ua ni zuri, inauma lakini nafasi ni ndogo. La pili harufu. La tatu kama unavumilia maji ya kisima changu ukishakuwa mkubwa.

Na tafadhali watu wa Kigamboni na Kunduchi, msije mkapata miche ya rugosa mkaenda kuipanda ufukweni ili kujaribu. Hapa Dar najua itawashinda, ila mazoea hayo ni mabaya, huko Ulaya kaskazini ilitoroka bustanini ikafunika fukwe, matunda yake yanaelea baharini yanaenda kuota mbele, mpaka Finland wakapiga marufuku kuipanda kuanzia 2022. Shangazi naye nimemwambia matunda asiwaachie ndege, ayachume yote.

Mche wangu namba mbili, ninauita KB-2, ulichanua mwaka wa tatu mwezi wa Julai. Petali tano tu, pinki, ua la kawaida mtu wa mashada angelipita, ila jani limekunjamana nusu nusu, katikati ya baba na mama, na ukiinama asubuhi kuna karafuu kwa mbali. Masika mbili umepita na majani yake. Nikauchavusha wenyewe kwa wenyewe, maua sita, yameshika mawili, mbegu 19. Hivi ninavyoandika ziko frijini, chini, pembeni ya mchicha, na shemeji nimemtumia picha ya kopo.